Jiko la kusimama la familia: lipi litadumu Dodoma?

Muuzaji wa majiko akikuona umesimama, kitu cha kwanza atakachokuonyesha ni taa ya oveni. Ataiwasha, atazungusha ule mshikaki wa kuchomea kuku, atabonyeza saa ya kidijitali mpaka ilie. Mwache amalize. Kisha mwombe azime kila kitu, afunue mfuniko wa kioo, akutolee vyuma vya kukalishia sufuria na vichwa vya moto uvishike mkononi. Uimara wa jiko unaanzia hapo, na hapo ndipo majiko yanayopangwa mbele ya maduka ya Dodoma mjini yanapoachana, hata yakiwa na sura moja na bei zinazokaribiana.

Tutaje mapema tunalolipendekeza, sababu zifuate. Kwa familia ya watu sita hadi kumi: jiko la sentimita 60 kwa 60, pleti nne zote za gesi, vyuma vya juu vya kumimina, kinga ya gesi (vali inayojifunga yenyewe moto ukizimika) kwenye kila pleti, na oveni ya umeme isiyozidi wati 2,500. Saa iwe ya kuzungusha kwa mkono. Jina la kampuni linakuja baada ya hayo. Beko, Simfer, Bosch na wengineo wote wana majiko ya madaraja tofauti, na kwenye duka moja unaweza kukuta chapa ileile ina jiko la kudumu na jiko la kupita. Soma namba ya modeli, usiishie kwenye nembo.

Ugali ndio mtihani

Majiko mengi ya aina hii yametengenezwa kwa kufikiria sufuria ndogo zenye mpini. Huku sufuria ya ugali wa uwele au wa mtama wa watu wanane inasongwa kwa mwiko mrefu, mikono miwili, na msongaji anaweka na uzito wa mabega. Nguvu hiyo haiishii kwenye unga. Inashuka kwenye sufuria, inapita kwenye vyuma vya juu, inaingia kwenye bati, inamalizikia kwenye miguu minne. Vyuma vya waya mwembamba vilivyopakwa enameli vinapinda taratibu. Sufuria inaanza kuyumba, enameli inabanduka kwenye maungio, chumvi na maji vinaingia, kutu inafuata. Vyuma vya kumimina, ambavyo wauzaji wengi huviita kastayani, ni vizito na havipindi. Udhaifu wao ni mmoja tu: vikianguka kwenye sakafu ya tailisi vinaweza kuvunjika, au vikaivunja tailisi.

Jaribio lake halihitaji moto. Shika chuma cha juu kwa mikono miwili, sukuma, vuta, zungusha kama unasonga. Tazama kama chuma kinacheza kwenye nafasi yake, kama bati la juu linabonyea, na kama mguu wa nyuma unanyanyuka sakafuni. Jiko la 60 lenye uzito wa kilo 45 na kuendelea kwa kawaida hukaa kimya. La 50 kwa 50 lenye kilo 30 hivi litatembea, na siku ya ugali mkubwa mtu mwingine atalazimika kulishikilia. Muuzaji akikuzuia kufanya jaribio hili, nenda duka la pili.

Upana nao una hesabu yake. Sufuria mbili zenye kipenyo cha sentimita 28 haziwezi kukaa sambamba kwenye jiko la upana wa 50. Moja itasukumwa mpaka itoke katikati ya moto wake. Kwenye 60 zinakaa kwa kubanana. Sufuria ikizidi ukubwa, joto linakatwa chini yake na kurudi mbele, na nobu za plastiki zinalainika. Ukiona jiko lililotumika lina nobu zilizojikunja upande wa pleti kubwa, huo ndio ugonjwa wake. Nobu za chuma, au za bakelaiti nzito, zinavumilia zaidi. Tena angalia pleti kubwa imewekwa wapi. Ikiwa nyuma, msongaji atainama juu ya moto wa mbele kila siku. Tunapenda iwe mbele kulia, na majiko ya hivyo yapo.

Yale yenye kioo juu badala ya bati yaacheni. Yanapendeza kwenye picha, lakini kioo kinachokaa chini ya sufuria nzito inayosukumwasukumwa, karibu na moto, kikipata ufa hakina ukarabati. Mfuniko wa kioo unaofunika jiko baada ya kupika ni jambo tofauti, huo hauna neno, mradi usifungwe pleti zikiwa bado za moto. Kioo kilichopitishwa kwenye joto kiwandani kikipasuka hakitoi nyufa, kinamwagika vipande vidogovidogo jiko zima, hata ndani ya mboga.

Kuna jambo lingine la hapa linalosahaulika. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maharage makavu na makande yanachukua muda mrefu kuliko Dar es Salaam kwa sababu hiyo, na kuongeza moto hakusaidii kitu: maji yakishachemka, moto mkubwa unaongeza mvuke tu na kumaliza gesi. Kwa hiyo pleti ndogo ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ijaribu ikiwa chini kabisa. Moto ubaki wa bluu, mfupi, unaozunguka kichwa chote bila kukatika upande mmoja. Ukizimika ukifungua na kufunga mlango wa oveni, jiko hilo halitakuivishia makande kwa amani.

Nozeli, namba ndogo yenye maneno mengi

Ukitoa kichwa cha moto, katikati ya kikombe chake utaona kipande kidogo cha shaba chenye tundu. Hicho ndicho nozeli, na usoni au ubavuni kina namba iliyogongwa. Namba hiyo ni kipenyo cha tundu kwa sehemu ya mia ya milimita. Kwenye jiko lililoandaliwa kwa gesi yetu ya mtungi, namba za kawaida ni 50 kwa pleti ndogo ya kilowati 1, 65 kwa ya kati ya kilowati 1.75, na 85 kwa kubwa ya kilowati 3. Ukikuta 72, 97 na 115, jiko hilo limetoka kiwandani likiwa limewekwa kwa gesi asilia, ile inayokuja nyumbani kwa bomba na kwa presha ndogo. Ukiliunganisha na mtungi hivyohivyo, moto utapanda juu, utakuwa wa njano, sufuria zitatapakaa masizi na gesi itaisha kabla ya wakati. Majiko ya mtumba kutoka Uingereza mara nyingi yanakuja hivyo. Si kasoro, fundi anabadilisha nozeli zote kwa spana ya milimita 7 na kurekebisha skrubu ya moto mdogo iliyo kwenye kila vali. Shida ni pale nozeli za gesi ya mtungi za modeli hiyo zinapokosekana, na hapo wengine hujaza shaba tundu kubwa na kulitoboa upya kwa kukadiria. Kwenye gesi hatuna kukadiria.

Pleti ya kilowati 3 ikiwa wazi yote inatumia gramu 218 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 15 basi unatoa saa 68 hivi za pleti hiyo. Nyumba inayotumia moto wa kiasi hicho saa mbili kwa siku itafika mwezi mmoja na siku chache. Gesi ikiisha siku ya kumi na tano, usianze kumlaumu aliyejaza mtungi. Anza na nozeli, kisha mpira, kisha regulata.

Vichwa vya moto vyenyewe: pete ya alumini yenye mikato iliyo wazi na kofia nzito ya enameli ndiyo hali ya kawaida, na inatosha. Shaba ni bora zaidi na ni ghali. Pindua kofia uone maandishi. Ukiona neno Sabaf, hilo ni jina la kampuni ya Italia inayotengeneza vichwa na vali kwa viwanda vingi vya majiko, na maana yake kwako ni kwamba kichwa kikiharibika unaweza kupata kinachoingia palepale hata kama kampuni ya jiko haina wakala tena nchini. Kichwa kisicho na jina wala namba yoyote kikifa, jiko linabaki na pleti tatu.

Upepo na vumbi la kiangazi vinafika mpaka jikoni. Vumbi linaingia kwenye mrija unaochanganya hewa na gesi, moto unakuwa wa njano upande mmoja. Safisha pete kwa mswaki mkavu kila wiki, na tundu la nozeli kwa unyuzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Sindano ya kushonea inalipanua tundu, na ukishalipanua huna tena nozeli ya 65.

Upepo huohuo ndio sababu hatupendekezi jiko lolote lisilo na kinga ya gesi, hata kama ni zuri kwa mengine yote. Kinga ni kijiti chembamba cha chuma kinachosimama karibu na kichwa cha moto, sambamba na kile cha kuwashia. Mafundi wanakiita thamokapo. Kikipata joto kinazalisha umeme kidogo sana unaoshikilia vali wazi. Upepo ukizima moto kinapoa, na vali inajifunga yenyewe ndani ya dakika moja hivi. Ndiyo maana unatakiwa kushikilia nobu sekunde tano hadi kumi baada ya kuwasha. Ukiachia mapema moto unazimika, na wengi hudhani jiko ni bovu. Hesabu vijiti kwenye kila pleti: viwili, yaani cha kuwashia na cha kinga. Majiko mengine yana kinga kwenye oveni tu, na tangazo linaandika "lina kinga" bila kufafanua.

Tatu na moja: kwa nini hatuifuati

Jiko linalosifiwa zaidi madukani ni la pleti tatu za gesi na moja ya umeme. Hoja yake inaeleweka: gesi ikiisha usiku, chai haitakosa kuchemka. Lakini tazama umeme wake. Pleti ya umeme ina wati 1,500, mara nyingine 2,000. Oveni ina wati 2,000 hadi 2,500. Vikiwaka pamoja ni wati 3,500 na kuendelea, wakati plagi ya kawaida ya ampea 13 kwa volti 230 inaishia karibu 3,000. Kwa hiyo jiko hilo linahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, wa milimita 6, na brekea ya ampea 32. Nyumba nyingi za kupanga hazina. Matokeo yake mtu anafunga plagi ya kawaida mwishoni mwa waya, na baada ya muda soketi inakuwa ya kahawia, inanuka, mguu wa plagi unashikana na soketi.

Pleti yenyewe ni ya chuma kizito. Inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, na haimudu sufuria ya tako la mviringo. Maji ya ugali yakimwagika juu yake yanaleta kutu. Ukiwa nayo tayari, iwashe dakika mbili tatu baada ya kuifuta ili ikauke, kisha ipake mafuta kidogo mno. Kama bado hujanunua, chukua pleti nne za gesi na uweke mtungi wa kilo 6 wa akiba, wenye gesi, nje ya nyumba. Gesi ya mtungi mkubwa ikikatika katikati ya pilau unahamisha regulata na kuendelea. Hakikisha tu mitungi yote miwili inapokea regulata ya aina moja, maana midomo inatofautiana.

Lile la umeme mtupu tunalitaja kwa ufupi. Likiwashwa lote linapita wati 6,000, na umeme ukikatika nyumba nzima inalala njaa. Kwa nyumba inayopika mara tatu kwa siku, hapana.

Oveni

Hapa ndipo ladha za watu zinapogawanyika. Oveni ya gesi haijali umeme kukatika, ila joto lake linatoka chini: keki inaungua tako kabla uso haujabadilika rangi, na inabidi umalizie kwa moto wa juu. Zile za bei ya chini hazina kidhibiti cha joto, zina bomba la kufungua na kufunga tu. Namna ya kuzitambua: nobu ina alama ya moto mkubwa na moto mdogo badala ya nyuzi au namba 1 hadi 8. Oveni ya hivyo inafaa nyama na viazi, haifai mtu anayeuza keki. Na wakati wa kuiwasha mlango uwe wazi. Gesi ikijikusanya ndani kabla cheche haijaruka, mlango unarushwa.

Oveni ya umeme inapika sawasawa, juu na chini, na yenye feni inakubali trei mbili kwa pamoja. Saa moja ya nyuzi 180 inakula uniti moja hadi moja na nusu za LUKU, kwa kuwa kidhibiti kinawasha na kuzima. Aliye kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba kuoka mara kwa mara kutamtoa humo, na akitoka uniti inapanda bei.

Umeme ukiwa mdogo, usishangae oveni ikichelewa. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya kipashajoto inabaki robo tatu tu. Keki ya dakika 40 inakwenda karibu saa nzima na inakauka. Kinga ya friji, kile kiboksi kidogo cha ukutani, haisaidii hapa. Nyingi ni za ampea chache, na oveni itaiunguza.

Saa ya kidijitali ina tabia moja inayowasumbua watu bure. Umeme ukikatika na kurudi, saa inawaka na kuzima kwa namba za sifuri, na oveni haipati moto hata ukizungusha kila nobu. Haijaharibika. Inasubiri uweke saa, au ubonyeze alama ya mkono kuitoa kwenye upikaji wa kujipanga. Mafundi wameitwa na kulipwa nauli kwa jambo hili. Saa ya kuzungusha yenye alama ya mkono haina mchezo huo, na ndiyo tunayoichagua.

Mlango una majaribio mawili. Funga karatasi kati ya mpira na mlango, kisha ivute: iwe ngumu kutoka pande zote nne. Pili, fungua mlango nusu na uuachie. Bawaba nzuri zinaushikilia palepale, mbovu zinauangusha. Kioo kiwe cha tabaka mbili. Mlango wa kioo kimoja unaunguza mtoto, tena unapika nobu zilizo juu yake. Kioo cha ndani kikiwa cha moto usikifute kwa kitambaa kilicholowa.

Ukubwa wa ndani kwa jiko la 60 ni lita 60 hadi 70, na kwa la 50 chini ya 50. Kuku wawili wakubwa kwa mara moja wanahitaji la 60. Lile la 90 lenye pleti tano ni zuri sana, lakini pima kwanza mlango wa jikoni na uzito wa pochi.

Bati, maji ya chumvi na sumaku

Wauzaji wanapenda kubandika sumaku: "Ikinata ni feki, isiponata ni stenlesi." Si kweli hata kidogo. Stenlesi ya daraja la 430, inayotumika sana kwenye majiko, inanasa sumaku vizuri tu, kama bati la kawaida. Linaloleta hasara ni bati la kawaida lililopakwa rangi ya fedha likaitwa stenlesi. Litambue kwenye ukingo wa chini wa mlango na kwenye matundu ya skrubu za nyuma: rangi inaishia pale, na chini yake unaona chuma cha rangi nyingine. Enameli nyeupe au nyeusi iliyochomwa kiwandani ni bora kuliko rangi hiyo ya fedha, hata kama inaonekana ya kizamani.

Maji ya Dodoma, hasa ya visima, yana chumvichumvi, na yakikaukia kwenye bati yanaacha madoa meupe. Futa kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji kiasi kilekile, suuza, kausha. Siki isilale usiku kucha kwenye enameli maana inaondoa mng'ao. Waya wa kusugulia sufuria usifike kwenye bati la juu kabisa.

Kulifunga

Regulata isome milibari 28 hadi 30, sawa na kibandiko kilicho nyuma ya jiko. Regulata ya presha kubwa, ile ya majiko ya mama lishe, inarusha moto mpaka unaachana na kichwa, na inaweza kuharibu vali. Mpira usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya oveni upande wa juu ambako hewa ya moto inatokea, na ubanwe kwa klipu za chuma ncha zote mbili. Umechapwa tarehe, ukifika muda wake ubadilishwe hata kama unaonekana mzima. Nyumba yenye panya inahitaji mpira wenye wavu wa chuma. Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye kila kiungio gesi ikiwa wazi na pleti zimefungwa. Mapovu yakikua, kaza na urudie. Moto wa kiberiti haupimi kuvuja.

Mtungi ukae nje, kwenye kivuli, umesimama. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha pekee halitoshi, kuwe na tundu chini ya mlango au ukutani karibu na sakafu.

Kuna mnyororo mfupi au kibano kinachokuja na jiko, cha kulifunga ukutani kwa nyuma. Karibu kila mtu anakitupa. Mtoto akipanda kwenye mlango wa oveni uliofunguliwa, jiko lote linainama mbele na sufuria zilizo juu zinamjia. Kitafute, kifungwe.

Ethi ya nyumba ipimwe na fundi mwenye kifaa. Udongo wetu ukikauka, kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, fimbo ya ethi iliyochimbiwa juujuu haishiki vizuri, na hapo ndipo watu wanasema jiko linapiga shoti. Mara ya kwanza washa oveni tupu kwenye joto la juu nusu saa, madirisha wazi, mafuta ya kiwandani yaungue.

Kariakoo au hapahapa?

Kuagiza Kariakoo kunaweza kupunguza bei, ila jiko litasafiri kilomita 450 hivi kwenye basi au lori, na linaumia zaidi kwenye kupakia na kushusha kuliko barabarani. Mfuniko wa kioo, miguu na kona za nyuma ndivyo vinavyoharibika. Ukiagiza, sharti lisafiri wima kwenye boksi lake la kiwandani, vyuma vya juu vimetolewa na kufungwa pembeni. Lifungue mbele ya aliyelileta. Dukani hapa unalipa zaidi kidogo, lakini unalijaribu likiwa na gesi na lina mtu wa kurudishiwa.

Kokote ununuapo, chukua risiti ya EFD yenye namba ya modeli, na kadi ya dhamana igongwe muhuri siku hiyohiyo. Uliza dhamana inahusu nini: mara nyingi vioo, taa na vichwa vya moto havimo. Uliza pia kama thamokapo, kiwashio na kidhibiti cha oveni vinapatikana kwa jina la modeli hiyo, na wakikwambia vipo, waombe wakuonyeshe. Thamokapo moja ya akiba inunuliwe siku hiyo, kwani ndiyo inayochoka mapema. Baada ya miaka michache nobu zitakuwa ngumu kuzunguka kwa sababu grisi ya vali imekauka. Ni kazi fupi ya fundi, kwa grisi inayovumilia joto. Mafuta ya kupikia yanaziba vali.

Halafu kuna mfuko mdogo wa plastiki uliobandikwa ndani ya oveni au nyuma ya jiko, wenye nozeli za aina ya pili ya gesi. Uhifadhi na risiti. Na uutoe kabla hujawasha oveni.